Mguu Wangu Kwenye Breki ya Baba

Harufu ya mafuta ya breki haifanani na ya petroli wala ya oili. Ina utamu fulani unaokera, kama shira iliyosahauliwa jikoni ikaungua, na ikishaingia kwenye nguo utafua mpaka uchoke. Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi. Akaniambia, "Mama, samahani, kijana wangu hajafika. Hebu ingia unikanyagie breki." Nikaingia, nikaweka mguu. Ile harufu ikapanda dirishani, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nikaganda. Fundi anaita "kanyaga", mimi naangalia goti langu tu. Mwisho nilishuka nikaenda kukaa kwenye benchi, naye akamtuma mtoto aniletee maji akidhani presha imepanda.

Haikuwa presha. Ni mguu ule ule wa kulia ambao, nilipokuwa na miaka tisa, nusura uniulie mama.

Wa rika langu mliokulia Morogoro mnaijua miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Duka ambalo lilikuwa na chumvi na viberiti peke yake, ghafla lina sabuni za kunukia, redio za kaseti na biskuti za ng'ambo. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, tukawa tunajaribu makoti mazito ya baridi kwenye jua la saa sita. Sisi watoto tuliona sherehe. Hatukuona kwamba upande wa viwandani watu walikuwa wanatoka getini na mabegi yao na hawarudi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani kwetu Bigwa mchana wa siku ya kazi, akasema, "Wamepunguza watu," akaomba uji. Mimi nilifurahi sana. Nilidhani amepewa likizo ndefu kwa sababu ya tabia njema.

Kiinua mgongo chake kilinunua Landrova ya mnada, kuukuu, yenye milango isiyofungika bila kupigwa bega. Alitaka kubeba ndizi, mafenesi na viungo kutoka Matombo kuleta mjini. Matombo ndiko kwao Mama. Baba alikuwa Mnyaturu aliyeifuata kazi, hakuwa na hata binamu mmoja katika mkoa mzima. Na hapa niseme jambo ambalo wageni huwa hawalijui. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa watu wa Baba ni kinyume kabisa. Wazazi wangu hawakuwahi kugombania hilo, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimewalazimisha kuligombania.

Landrova ilikuja na breki zinazovuja. Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, akaamini kwamba chuma ni chuma, hahitaji kumpelekea mtu gari lake. Alinunua raba mpya za breki zilizofungwa kwenye boksi linalong'aa, akang'oa magurudumu yote manne uani kando ya migomba, akazibadilisha moja moja. Kilichobaki ilikuwa kutoa upepo. Ukishafungua mfumo wa breki, hewa huingia kwenye mabomba, na hewa ikiwa humo, ukikanyaga unaminya hewa badala ya kuzuia gurudumu. Pedeli inakuwa laini kama godoro. Kuitoa kunahitaji watu wawili, mmoja wa kukanyaga na mwingine wa kulala chini ya gari na spana, kwenye nati ndogo iliyoko nyuma ya gurudumu.

Mimi nilikuwa mkubwa kati ya watoto watatu, tena mwenye miguu mirefu. Nikapewa pedeli.

Nilikaa kwenye ncha ya kiti, nimeshika usukani kwa mikono miwili, sioni nje ila anga na kipande cha mlima. Sauti ya Baba ilitokea chini ya miguu yangu, kama mtu aliyeko kisimani.

"Zena! Pampu mara tatu!"

"Nimepampu, Baba!"

"Kanyaga, ushikilie. Usiachie mpaka niseme. Umesikia? Mpaka niseme!"

"Nimesikia!"

Hapo alilegeza nati. Nikahisi pedeli inazama chini ya mguu wangu polepole, yenyewe, mpaka sakafuni. Mafuta yalichirizika kwenye kopo. Na pale pale pedeli ilipofika mwisho, Baba aliguna. Haikuwa sauti ya mtu anayekaza nati. Ilikuwa sauti fupi, iliyokatwa katikati, kama ya mtu aliyekanyagwa.

Nilishtuka. Mimi nakanyaga hapa juu, pedeli inazama, na baba yangu aliyelala huku chini anaguna. Sasa mtoto wa miaka tisa ataelewa nini? Nilielewa kwamba kuna chuma kinatoka kwenye pedeli, kinapita sakafuni, na kinamgandamiza Baba kifuani. Nilielewa kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwamba wanaume huvumilia, na ndiyo maana Baba alikuwa amemwambia Mama abaki jikoni. Basi nikamwonea huruma. Niliinua mguu kidogo, nikampa nafasi ya kupumua, kisha nikaurudisha upesi kabla hajajua. Alipoita "Achia!" niliachia kama vile nilikuwa nimeshikilia muda wote.

Nilifanya hivyo kila safari, kwa magurudumu yote manne. Nilijiona binti mwema kuliko wote Bigwa.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo ameshajua nilichokuwa nafanya. Ukiinua mguu nati ikiwa wazi, breki inavuta hewa kutoka nje. Kila povu la upepo ambalo Baba alilitoa, mimi nililirudisha.

Alipomaliza alipanda akakanyaga mwenyewe. Pedeli ikaenda chini. Uso wake ulibadilika, akakanyaga tena, ikaenda chini tena. Basi yakaanza mahangaiko yaliyochukua siku tatu. Alikagua mabomba yote kwa kidole akitafuta penye unyevu, hakuna panapovuja. Akabana breki za kila gurudumu mpaka tairi likawa halizunguki kwa mkono, kisha akalegeza kidogo. Akafungua silinda kuu, akaitazama raba yake mwangani, akainusa, akairudisha. Kila baada ya jaribio tulitoa upepo upya, na kila mara aliguna, na kila mara nilimhurumia.

"Hizi raba za siku hizi," alimwambia Mama wakati wa chakula, "wanatuletea takataka. Zamani hakukuwa na vitu, lakini kilichokuwepo kilikuwa kitu."

"Si umpelekee fundi wa mjini?" Mama akasema.

"Fundi atanifanyia nini ambacho mimi sijafanya?"

Siku hizo Baba alikuwa mkavu. Usiku alilala ameuelekea ukuta, asubuhi aliamka taratibu, ameshika kitanda, hasemi na mtu mpaka jua lipande. Mama alisema ni kazi aliyoipoteza. Alitwambia tusimsumbue.

Siku ya tatu Baba aligundua kwamba ukipampu mara mbili za haraka, pedeli inapanda na kushika. Akachoka kutafuta. Madereva wengi wa barabara ile walikuwa wakiendesha hivyo hivyo, ukimwuliza mtu kuhusu breki anakujibu, "Zipo, ila za kubembeleza." Baba naye akaamua kubembeleza.

Safari ya kwanza tulikwenda watatu, Baba, Mama na mimi. Wadogo zangu waliachwa kwa jirani. Kwenda ni kupanda, hakukuwa na tatizo. Tulipakia ndizi mpaka springi zikalala, mafenesi matatu yakawekwa juu, na bibi akaniwekea magome ya mdalasini kwenye kitambaa. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imepita, udongo mwekundu unateleza, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Nilikaa katikati yao. Nilikuwa nanusa mdalasini wangu.

Tulipofika kwenye ule mteremko wa kutoka Kiroka kushuka Bigwa, Baba alipampu mara mbili. Ikashika. Kona ya kwanza tukaipita. Ya pili akapampu mara mbili, kisha mara ya tatu. Nikauona mguu wake. Mtoto aliyekaa katikati huona miguu. Ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na kila ukishuka unagonga bati la sakafuni, ta, ta, ta.

"Vipi?" Mama akauliza.

Baba alivuta hendibreki, ikapiga kelele na gari halikujali. Akalazimisha gia, ikakataa, ikalia kama kitu kinachochanwa. Nikaona miti inakimbia. Nikaangalia uso wake na hilo ndilo lililonitisha kuliko miti, kwa sababu Baba alikuwa ameshtuka kama mtoto. Sikuwa nimejua kwamba uso wa baba unaweza kufanya vile.

"Mshike Zena!" akasema, akakata usukani kuelekea upande wa mlima.

Tuliparamia ukingo wa udongo. Nakumbuka kishindo, kisha kimya, kisha fenesi moja linabingirika barabarani peke yake, taratibu, kama lililoshuka kituoni. Mimi sikuwa na hata mchubuko. Mama alikuwa amenizungushia mkono wake wa kulia, na mkono huo ndio uliopokea dashibodi badala ya kichwa changu. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mama aliuangalia kwa mshangao, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, angalieni," halafu akazirai.

Mkono uliungwa, lakini haukunyooka tena. Tangu hapo Mama hakunisuka nywele. Kwa wiki mbili za mwanzo alikaa mkekani ameufunga kifuani kwa kanga, na mimi nilimlisha ugali kwa vidole vyangu, nikiona aibu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi kitu. Mguu wa Baba ukigonga bati, na mguu wangu ukiinuka kwa siri, vilikuwa vinatafutana kichwani mwangu.

Kisha Mjomba Shomari akashuka kutoka Matombo.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Mama, mkulima wa iliki na pilipili manga, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alimsalimu kila mtu, akaulizia mkono, akanywa maji. Kisha akaomba Baba akae. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya kiti cha Mama.

"Shemeji," akasema, "gari lile nani alilitengeneza?"

"Mimi."

"Ulijua breki hazijakaa sawa?"

"Nilijua."

"Ukampakia dada yangu."

Baba aliangalia mikono yake. Nilimsubiri aseme kuhusu zile raba mbovu za ng'ambo, maana ndivyo alivyokuwa amewaambia majirani wote. Hakusema.

"Basi sitagombana," Mjomba akasema. "Dada yangu nampeleka nyumbani akapone. Na watoto nao ni wa lukolo letu, wa ukoo wetu, unajua hilo. Wataenda na mama yao. Ukijipanga, utakuja tuzungumze. Mwaka huu, mwakani, si neno."

Mama alikuwa anajua tayari. Mzigo wake ulikuwa umefungwa kwenye kanga, umewekwa karibu na mlango, wala mimi sikuwa nimeuona. Nilimtazama Baba nikingoja akatae, apige meza, afanye kitu. Akasema tu, "Sawa, shemeji." Walikuwa wanamwacha baba yangu peke yake katika nyumba ile, kwa kosa langu, na yeye anasema sawa.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Wakubwa walikuwa wanazungumza.

"Ni mimi niliyeharibu! Mimi nilikuwa naachia!"

Nikalia, nikaeleza yote huku kamasi zinanitoka, kuhusu chuma kinachomgandamiza Baba, na kuguna kwake, na jinsi nilivyokuwa nikiinua mguu apumue. Mjomba alinitazama, kisha akamtazama Baba, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika.

"Shemeji, umemfundisha mtoto maneno?"

Baba alikuwa amesimama. Hata hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona.

"Kuguna?" akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Twende uani," akasema. "Shemeji, njoo uone kwa macho yako."

Landrova ilikuwa imevutwa na trekta mpaka nyumbani, bampa imekunjamana, magurudumu mazima. Baba alilala chini na spana yake na kopo lake. Mjomba alikunja kanzu akachuchumaa kando ya gurudumu. Mimi nikapanda, nikakaa kwenye ncha ya kiti, mlango umeachwa wazi.

"Kwanza fanya kama ulivyokuwa unafanya," Baba akasema.

Nikakanyaga, pedeli ikazama, nikainua mguu kidogo.

"Imevuta!" Mjomba akasema. "Shemeji, imevuta povu ndani, nimeona!"

"Umeona?"

"Nimeona kabisa."

"Sasa, Zena." Sauti ya Baba ilitoka polepole. "Sasa hutaachia. Hata usikie nini huku chini. Hakuna chuma kinachonigusa. Unanielewa? Mpaka niseme."

Tukaanza gurudumu la kwanza. Pedeli ikazama na Baba akaguna. Nililibana goti kwa mkono mmoja, sikuinua mguu. "Achia," akasema. Tukarudia, na tukarudia. Gurudumu la pili, la tatu. Mjomba akawa anatangaza kila kinachotoka, povu, povu kidogo, safi. Na kila mara chini ya gari ile sauti ilikuja, na sasa Mjomba naye alikuwa anaisikia. Aliacha kuangalia mafuta. Alikuwa anaangalia chini, kwa Baba, na uso wake umebadilika.

Kabla ya gurudumu la mwisho nilipampu na pedeli ikasimama juu, ngumu, sijapata kuihisi vile. Nikapiga kelele kwa furaha. "Baba, imeshika!"

"Malizia hili moja," akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Ikazama taratibu. Nikasikia spana inakaza nati. Mjomba akasema, "Safi, halina povu hata moja." Nikangoja Baba aseme.

Hakusema. Nikasikia spana inaanguka kwenye mawe, kisha pumzi tu, nyingi, za harakaharaka.

"Shemeji?" Mjomba akasema. Akainama. "Shemeji!" Akamshika Baba miguu yote miwili akamvuta kutoka chini ya gari, kwenye majani, upande wa mlango wangu. Baba alikuwa amekunjamana, mgongo haunyooki, jasho limemjaa usoni. Alikuwa anajaribu kutabasamu, jambo lililokuwa baya kuliko lingine lolote.

"Tangu lini?" Mjomba akamuuliza.

"Kiwandani. Niliangukiwa mgongoni na roli la chuma la mtambo." Akapumua. "Mtu mwenye mgongo mbovu ndiye wa kwanza kupunguzwa. Sikutaka mwanamke ajue kwamba walinitoa kwa sababu sifai."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alitembea mpaka pale Baba alipolala.

"Mwaka mzima analala ameelekea ukuta," akamwambia kaka yake, "na mimi nikajua ananinunia. Nalala naye kitanda kimoja, Shomari. Mtoto ndiye aliyemsikia."

Mjomba aliiokota spana, akaiweka kando.

"Nenda kaufungue ule mzigo wangu," Mama akasema. "Nguo zitanuka uvundo."

Akaketi kwenye majani. Kwa mkono wake mmoja alimpandisha Baba shati, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, kutoka shingoni kushuka. Alipofika mahali fulani Baba alipiga ukelele, ukelele kamili, mbele yetu wote, ambao hakuukata katikati.

"Hapa?" Mama akauliza.

"Hapo."

Niliwaona vizuri kupitia mlangoni. Nilitaka sana kushuka niende kwao. Lakini nilibaki kwenye ncha ya kile kiti, nimeshika usukani kwa mikono miwili, mguu wa kulia umekanyaga mpaka mwisho, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia niachie.